Nekesa Amekataa Kiti Chako

Mama Nekesa wangu,

Nakuandikia nikiwa dukani hapa Langas, redio ya mtu iko mbele yangu imefunguliwa tumbo. Najua ungesema nimalize na mgonjwa huyu kwanza. Leo atangoja.

Hospitali walimwita mtoto wetu wiki iliyopita. Walitaka awe mkuu wa wodi ya wanawake, kiti ulichokalia wewe kabla hawajakukabidhi wauguzi wote. Walimwambia ana mkono wako. Akarudi nyumbani kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Unakumbuka Jumapili zetu za Kimumu? Tukitoka kanisani, wauguzi wapya wameshajaa sebuleni wanamaliza chai yangu. Uliamini hakuna anayeweza kuongoza wodi kabla hajajifunza kumgeuza mgonjwa bila haraka. Na mgonjwa wa kujifunzia nilikuwa mimi. Nalazwa kwenye sofa, nalishwa uji kwa kijiko, nageuzwa kama chapati. Nikilalamika unasema, "Mzee, wewe una kiharusi, huwezi kuongea." Vijana wanacheka mpaka uji unamwagika. Halafu unasema kwa ile sauti ya chini iliyowatisha kuliko kelele: "Hapo mmegeuza gunia. Sasa mgeuzeni mtu."

Mara ya pili walikuwa wananiomba ruhusa kabla ya kunigeuza. Katika nyumba ile hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniomba ruhusa ya chochote.

Nekesa alikuwa akipitisha vikombe. Jumapili moja, akiwa darasa la sita, alijilaza pale kwenye sofa akasema na yeye ni mgonjwa. Ukamshika paji la uso. Simu ikalia, ukaenda wodini.

Siku tulipokuzika, wale vijana wako walikuja na sare zao, wengine tayari wakubwa wa wodi mahali pengine. Kila aliyeshika kipaza sauti alisema, "Matroni alinilea kama mtoto wake." Walisema kweli, nilikuwa pale, mgongo wangu ni shahidi. Lakini Nekesa aliniinamia sikioni akauliza, "Baba, na mimi nililelewa na nani?"

Nikajifanya sijasikia. Umri huu una faida zake.

Basi jioni moja, siku chache baada ya kuitwa kule, alinikalisha jikoni. Mtoto wako akitaka kuuliza kitu anazima jiko kwanza, kama wewe.

"Baba, kama ungeweza kurudi nyuma, ungemwambia Mama akatae ile kazi?"

Ningeweza kumtania. Ningeweza kumwambia juu ya akina mama waliotoka wodini kwako wakitembea, na wanaonisalimia sokoni mpaka leo wakiuliza kaburi lako liko wapi. Hayo yote ni kweli. Lakini alikuwa ananiangalia machoni, na wewe mwenyewe hukuwahi kuniuliza swali hilo.

Nikasema, "Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Asubuhi akaenda akawaambia hataki. Nasikia sasa kiti atapewa mtu wa kupiga kelele, na kuna muuguzi mgeni ambaye tayari analia chooni kwa sababu yake. Nekesa ndiye aliyeniambia, huku akiangalia pembeni.

Sijui kama nimemwokoa mtoto au nimeharibu kazi yako. Pengine nimefanya yote mawili kwa neno moja. Ni haraka ambayo usingeivumilia.

Jana zamu ilipoisha tu alifika nyumbani, jua likiwa bado juu. Hajawahi kufika saa hiyo tangu aanze kazi. Akakaa kwenye kiti, mikono mapajani, akawa hajui aifanyie nini. Nami nikakaa karibu naye nikitafuta la kusema. Mimi najua kufungua vitu na kuvifunga. Kumwambia mtu aliyechoka maneno yatakayomsimamisha ilikuwa kazi yako, na sikuona ukimfundisha yeyote wa nyumba yetu.

Lala, mama. Huku bado tuko macho.

Mzee wako wa Kimumu,
Baba Nekesa