Umeme wa Kifuani

Matema, 12 Novemba 1911

Mdogo wangu Ambokile,

Ugonile, umelalaje? Nimeamka, namshukuru Bwana. Habari za huko pwani, na za mwili wako? Hapa vyungu vyangu vinapata wanunuzi. Ila moyo, mdogo wangu! Unapiga, unapiga, unanyamaza kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha unarudi kwa kishindo. Tangu nimzike mume wangu naulalia peke yangu, nausikiliza. Wewe unayefanya kazi kwa daktari, muulize: nani anaupiga? Na je, utanyamaza moja kwa moja kabla sijakuona? Mwaka wa tisa huu tangu uondoke.

Dada yako,
Tulinagwe

Dar es Salaam, 20 Januari 1912

Dada mpendwa,

Salamu nyingi katika Bwana. Mimi mzima, kikohozi tu. Nimemuuliza daktari, akanionyesha moyo wa chura alioutoa: uko sahanini, na bado unapiga! Anasema moyo unaendeshwa na umeme. Unazaliwa sehemu ya juu ya moyo, unashuka, na kila unapopita nyama inajikaza, ndilo pigo. Katika moyo wako, anadhani, umeme unachelewa. Dawa ya kuuongeza hana. Nitakuja, Mungu akipenda.

Mdogo wako,
Ambokile

Matema, 17 Machi 1912

Mdogo wangu,

Ugonile. Kikohozi kimepona? Ndaga fijo, asante sana kwa barua. Chura yule nimemhurumia. Daktari hana umeme, lakini sisi Mungu ametujalia. Mwezi huu umeme unamulika milimani kila alasiri. Watu wakikimbilia ndani, mimi natoka, nakaa ufukweni mwa ziwa, kifua nimekielekeza juu. Juzi jirani yangu Yohana alinifuata mvuani akipiga kelele: "We mama, unatafuta kifo?" Nikamjibu, "Natafuta mapigo!" Akanikokota kama mbuzi aliyekata kamba, mpaka kwake. Mkewe Naomi akanikaripia hadi uji ukapoa. Siku ile moyo ulipiga vizuri mno.

Dada yako,
Tulinagwe

Dar es Salaam, 29 Aprili 1912

Dada,

Leo hata salamu sitoi. Ingia ndani! Kosa ni langu, ni la neno. Umeme wa moyo si radi. Ni mdogo mno, kama ule upitao katika waya wa simu, na moyo unauzaa wenyewe. Huo wa mawinguni utakuua. Usitoke tena, nakusihi.

Mdogo wako,
Ambokile

Matema, 8 Julai 1912

Mdogo wangu,

Ugonile. Mimi ni mzima, nimeingia ndani kama ulivyoniamuru.

Ila nikuungamie jambo nisilomwambia hata mchungaji. Nilijua. Wiki ile ile niliyokuandikia, mwalimu Hezroni alinieleza kwamba umeme wako si huu wa mawingu. Nikamwitikia, ndaga, na ngurumo iliyofuata nikatoka tena. Maana kila nilipotoka, mtu alikuja kunifuata. Mara Yohana, mara Naomi, ungo kichwani, akiniita kichaa. Tukacheka, wakanipa kigoda karibu na moto. Bwana anisamehe.

Barua yako ilipofika, mvua mbili za mwisho nilizisikiliza ndani. Naomi akachungulia mlangoni. "Afadhali, leo una akili," akasema, akaenda zake.

Moyo bado unaruka. Daktari amesema kweli, hauhitaji mtu wa kuupiga.

Uliandika utakuja, hukuandika mwezi. Ukija, usilete dawa. Njoo unikaripie.

Dada yako,
Tulinagwe