Kufuli la Kisima cha Désiré

Jumatatu, 15 Mei

Nimeamka alfajiri. Makala ya kupikia yamelowa. Kahawa haikuchemka vizuri, nimeinywa hivyo hivyo. Kabla sijamaliza kikombe, ndoo zinagonga getini.

Bomba halijatoa hata tone tangu mabomu ya mwanzo wa mwezi. Majeshi mawili ya wageni yanagombania mji wetu, na sisi wenye mji tunahangaika kutafuta maji. Redioni wanasema yataondoka. Haya.

Basi avenyu nzima iko kwangu. Kisima alikichimba marehemu mume wangu Désiré, fundi wa reli, kwa mikono yake mwenyewe, kila alipopata likizo. Sasa watu wanakanyaga mboga zangu zote za lenga-lenga. Jana wanawake wawili walipigana kwa vifuniko vya sufuria. Na wiki iliyopita nilimwita katekista aje akibariki, nikidhani wataona haya kutukanana mbele ya msalaba. Alinyunyiza maji ya baraka, akapigilia msalaba mdogo kwenye nguzo. Hawakuona haya yoyote. Ila tangu siku hiyo wanakiita kisima cha shirika. Shirika ni sisi, familia za Kikatoliki za avenyu hii, tunaosali pamoja kila Alhamisi.

Papa Prosper, mwenyekiti wetu, amekuja na daftari. Anataka kupanga watu kwa orodha. Nimekubali hata kabla hajamaliza kueleza. Nimechoka na kelele.

Jumatano, 17 Mei

Kisima kina kufuli. Funguo mbili, moja kwa Papa Prosper, moja kwangu. Kila familia imepewa kadi yenye muhuri. Huyu mtu ofisi yake imefungwa tangu mwaka jana lakini muhuri alirudi nao nyumbani. Maji ni asubuhi mpaka saa nne, kisha saa kumi mpaka saa kumi na moja na nusu.

Leo hakuna aliyepigana. Nimelala kidogo mchana.

Habari nyingine: parokia imeomba kila shirika litoe mtu wa kushuhudia kanisani Jumapili ya tarehe 4 Juni. Mada, Kumfuata Yesu katika maisha ya kila siku. Wamenichagua mimi. Nimefurahi, sitajidanganya. Nimeandika nusu ukurasa. Nimeweka ndani habari za kisima, jinsi tunavyogawana.

Jumamosi, 20 Mei

Sijisikii vizuri.

Asubuhi Mama Zaina alikuja na bidoni lake la njano la maji. Ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, mama Mwislamu kutoka Maniema, anakaanga mikate ya mafuta na kuiuza kwenye kona. Tumeishi pua kwa pua miaka tisa. Désiré alipokufa, ndiye aliyepikia watu wa matanga siku tatu, moshi ukimla macho. Hakuna aliyemwomba.

Papa Prosper alipitisha kidole kwenye daftari. Akasema, "Mama, jina yako haiko mu liste. Hii ni maji ya shirika."

Mama Zaina aliangalia msalaba, akaangalia kufuli. Akainua bidoni lake tupu akaondoka. Hakugombana.

Mimi nilikuwa jikoni, dirisha wazi, sinia la madesu, maharagwe ya chakula cha mchana, mapajani. Niliona yote. Niliendelea kuchagua madesu. Nilitoa vijiwe, nilitoa mbegu mbovu, kama mtu mwenye kazi kubwa sana.

Jumapili, 21 Mei

Baada ya misa ya kwanza, watu wote wa shirika walikuwa kwenye kona ya Mama Zaina wakila mikate. Papa Prosper alikula minne. Alifuta mafuta kwenye midomo kwa leso, akamsifu: leo imeumuka vizuri.

Imeumuka kwa maji gani? Aisha, binti wa Mama Zaina, ameniambia. Wanateka maji mto Tshopo, chini kule ambako askari wanafua na kuoga na mengine sitaandika. Dakika arobaini kwenda, na kurudi ni mlima.

Nilishika mkate mkononi nikashindwa kuumeza. Hasira zilinipanda mpaka masikioni. Tumetoka kuimba "Bwana ni mchungaji wangu" kwa sauti tatu.

Jumanne, 23 Mei

Nimekwenda kwa Papa Prosper kumwomba aongeze jina moja. Moja tu.

Alinipa kiti. Ni mtu mwenye adabu, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Akasema, "Mama Véro, tukiandika huyu, kesho Waislamu wote ya avenyu batakuja. Keshokutwa batu ya kanisa ya uamsho. Tutabakia na nini? Saa kumi na moja ndoo inaleta matope, umeona."

Ni kweli, nimeona. Kisima kinachoka. Ana watoto saba na mke mjamzito.

Nikamwambia kisima ni cha Désiré. Akajibu kwa upole kwamba mimi mwenyewe nilimleta katekista, kilibarikiwa, kwa hiyo ni mali ya kanisa, na mali ya kanisa ina utaratibu. Alhamisi nilete neno kwenye mkutano.

Kwa hiyo nimeibiwa kisima kwa maji ya baraka, na mimi ndiye niliyemwita mwizi, nikamkaribisha chai.

Alhamisi, 25 Mei

Mkutano. Tulifungua kwa sala. Tukaimba. Tukasoma Injili, mtu mmoja akalia machozi. Halafu wakapiga kura juu ya Mama Zaina.

Upande wangu, mkono mmoja, wangu. Uamuzi: wasio wa shirika wataruhusiwa kuteka kuanzia saa kumi na mbili jioni, kama maji yamebaki.

Maji hayabaki. Na saa kumi na mbili jioni ndipo askari wanapoanza kukamata watu barabarani. Kila aliyekuwa kwenye mkutano anajua hivyo. Walipiga makofi. Papa Prosper akaandika kwenye daftari: shirika limeonyesha huruma.

Nimerudi nyumbani. Nimemtukana kila mtu kwa jina, peke yangu jikoni. Halafu nimeona ufunguo unaning'inia kwenye msumari, hapo hapo karibu na kalenda. Ningeweza kuvuka barabara kesho asubuhi na ndoo kichwani. Hakuna anayenizuia.

Sitakwenda. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Naogopa watasema Mama Véro anavunja shirika. Naogopa wataninyang'anya ushuhuda. Nimeshapeleka kitambaa changu cha siku hiyo kwa fundi cherehani.

Jumapili, 28 Mei

Hakuna mikate kwenye kona leo. Watu walinung'unika. Walisimama pale na tumbo tupu, wakasema huyu mama siku hizi amekuwa mvivu. Hakuna aliyevuka barabara kuuliza.

Nimevuka.

Alikuwa kwenye mkeka, rangi yake imebadilika, macho yamezama. Anaharisha tangu Ijumaa. Aisha alikuwa anampepea kwa kipande cha katoni na kulia. Ngozi ya mkono nilipoivuta ilibaki imesimama. Nimezaa watoto watano na kuzika wawili, najua maana yake.

Tulimpakia kwenye toleka, mwenye baiskeli akisukuma, mimi na Aisha tukimshika pande mbili ili asianguke. Kwenye kituo cha afya muuguzi alimtundikia serumu, dripu moja ya mwisho iliyobaki. Akasema, sasa leteni maji ya kunywa, mengi, yaliyochemshwa, bomba letu pia limekauka. Akaniuliza, "Huko kwenu muko na maji muzuri?"

Nikasema ndiyo.

Nilirudi mbio. Saa saba mchana, kisima kimefungwa. Nilifungua. Mke wa Papa Prosper alikuwa anapita, akasimama getini na tumbo lake. "Mama Véro, saa haiyafika." Nilijaza bidoni la njano la Mama Zaina, nilichemsha kwa makala yangu yote yaliyobaki, na nilipokuwa nachemsha nilikuwa nasaga meno.

Jumatatu, 29 Mei

Hasemi. Anameza kijiko kimoja, anatapika viwili. Muuguzi hanitazami usoni.

Nimekwenda mara nne na maji. Papa Prosper amenikuta getini, ameniambia mgonjwa ataombewa Alhamisi. Nimemwambia Alhamisi ni mbali.

Nimejaribu kusali. Haikwenda. Kila nilipofumba macho niliona lile sinia la madesu.

Jumatano, 31 Mei

Amekunywa vikombe viwili, vimekaa. Muuguzi amecheka kwa mara ya kwanza.

Jioni amefungua macho akanitambua. Aisha alikuwa nje anafua. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, ya shirika, ya orodha, jinsi nilivyowapinga, jinsi nilivyokuwa peke yangu. Nilitaka ajue.

Akanitangulia, polepole, midomo imepasuka. "Mama Véro, ile siku nilikuonaka. Ulikuwa mu dirisha. Ulikuwa nachagula madesu."

Basi. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alisema kama mtu anayekumbusha jambo dogo ambalo tulikuwepo wote wawili. Kisha akaomba chumvi kidogo kwenye maji.

Nimetembea mpaka nyumbani kwa miguu, sikuita toleka. Siku kumi nimewakasirikia Papa Prosper na wenzake, na hasira yangu ilikuwa ya haki, bado ni ya haki. Lakini Papa Prosper alimwambia hapana mbele ya uso wake. Mimi nilijificha nyuma ya madesu. Naona aibu.

Ijumaa, 2 Juni

Nimechukua bisibisi ya Désiré, ile yenye mpini wa mti, nimefungua skrubu nne za pete ya kufuli. Zilikuwa na kutu, imenichukua saa nzima, nimechubuka kidole. Msalaba nimeuacha ulipo. Haujakosa kitu.

Kufuli, pete na ufunguo wangu nimempelekea Papa Prosper mkononi. Ametoa macho. "Mama, batu batapigana. Maji itaisha." Nikasema yataisha, na yakiisha tutangoja pamoja mpaka yapande. Nikasema pia, kwa sauti ambayo mke wake aliisikia jikoni, kwamba mtu akiniambia tena kisima cha mume wangu kina dini, nitampeleka akateke Tshopo na bidoni kichwani, nione atarudi saa ngapi.

Amenijibu kwamba kwa hali hii siwezi kushuhudia Jumapili. Mke wake atachukua nafasi. Nimesema sawa. Imeniuma, niseme ukweli. Kitambaa kimeshashonwa.

Jumamosi, 3 Juni

Tangu alfajiri nimekaa kisimani kwenye kigoda. Bidoni moja moja, wagonjwa na wenye vichanga mbele. Hayo tu. Nimetukanwa na Wakatoliki, Waislamu na watu wa uamsho, hapo wote wako sawa kabisa. Mwanamke mmoja amenimwagia maji miguuni makusudi. Mwingine amejaribu kupitisha bidoni la pili chini ya kikwembe chake. Nimemrudisha nyuma ya mstari kwa kelele ambazo Désiré angezisikia kaburini.

Mgongo unauma. Saa tano maji yalikuwa matope. Tulikaa tukangoja. Hakuna aliyekufa kwa kungoja.

Askari wanachimba mashimo mapya upande wa daraja. Wanaokwenda kuondoka wanachimba ya nini?

Jumapili, 4 Juni

Misa ya kwanza. Mke wa Papa Prosper ameshuhudia. Alisema vizuri, sauti haikutetemeka, amenitaja kwa jina mara moja, kwa wema. Nilisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa nimevaa kitambaa kipya.

Saa nne toleka imemleta Mama Zaina. Amekonda, kikwembe kinamzunguka mara mbili. Hakutaka kulala ndani, alisema amechoka na mikeka. Nikamwekea kiti karibu na kisima, kwenye kivuli cha ukuta.

Makala yalikuwa mabichi. Nilitafuta karatasi ya kuwashia, nikakuta ule ukurasa wangu wa ushuhuda, uliokuwa umefika upande mmoja na nusu, mwandiko mzuri. Uliwaka haraka. Tulichemshia maji yake ya kunywa.

Halafu nikaleta sinia la madesu nikakaa naye. Nikamwambia, "Ile siku niliona, na nilinyamaza." Nilitaka kuendelea. Akaweka mkono kwenye sinia, akalivuta nusu mapajani kwake, akaanza kutoa vijiwe. Vidole bado havina nguvu, vilikuwa vinadondosha. Nami nikachagua upande wangu.

Mchana kisima kilikuwa tope tena. Watu waliweka mabidoni yao kwenye mstari wakakaa chini. La Papa Prosper lilikuwa la sita, amelileta mwenyewe, hakunisalimia. Saa tisa nilishusha ndoo kujaribu. Maji yalikuwa yamepanda kidogo, safi. Nikamwita wa kwanza.