Uliniambia Ni Maziwa Yameganda

Mlango wa tatu, ghorofa ya chini,
Nyuma ya kiwanda cha uchapaji.
Tarehe 28 Julai.

Mpendwa dada yangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, shemeji naye mzima, na mgongo wako umetulia. Nauliza kwa sababu bado najali. Usidhani hasira imekula kila kitu. Sisi hapa tunapumua. Wanangu wote wawili wako shule, na yule mkubwa amenipita kimo, siku hizi nikimtuma dukani anajifanya hasikii.

Mimi naendelea vizuri kuliko nilivyotazamia. Kidonda cha upasuaji kimefunga. Dripu nimemaliza nne, zimebaki mbili, kisha mionzi. Nywele zimeondoka zote. Kazini wananiita Balbu, nami nimeitikia, maana ningenuna ingekuwaje? Mkono wa kushoto bado hauinuki mpaka juu, kwa hiyo msimamizi ameniondoa kwenye mashine ya kukatia karatasi. Siku nikiwa na nguvu nakaa mezani, nakunja kurasa za madaftari.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, kwa kuwa simu yangu huipokei.

Unakumbuka mwaka jana, mwezi wa nane, nilikupigia nikakwambia nimeshika kitu kwenye titi wakati naoga. Nilikueleza vizuri: kigumu, kidogo kama punje ya njegere, hakiumi, hakisogei. Ukasema, "Hayo ni maziwa yameganda. Kanda kwa maji ya moto, acha kujitisha." Dada, mtoto wangu wa mwisho ana miaka kumi na moja. Maziwa gani hayo? Lakini wewe ndiye uliyenilea tangu ajali ile ituchukulie mama. Maneno yako nimezoea kuyameza mazimamazima. Nikakanda. Miezi mitano nilikanda.

Aliyeniokoa ni mwenzangu wa kazini tunayemwita Gundi, kwa sababu akishika jambo habanduki. Aliniona nabeba rimu za karatasi kwa upande mmoja, akaniuliza, nikamficha, akaniuliza tena. Mwishowe nikamwonyesha kule chooni. Ngozi ilikuwa imebonyea na chuchu imevutwa ndani. Alinishika mkono, akamuaga msimamizi kwa ishara tu, tukaenda hospitali na aproni zetu.

Daktari ni mama wa makamo, hana haraka. Aliniuliza mengi. Nanywa pombe? Sinywi. Nilinyonyesha? Wote wawili, tena kwa muda mrefu. Natembea? Kila siku, kwenda kazini na kurudi. Akasema hayo yote ni mazuri, yanapunguza hatari, ila hayaiondoi, maana kuwa mwanamke na umri kusogea vinatosha. Kisha akauliza, "Mama yako au dada yako amewahi kupata saratani ya titi?"

Nikamjibu, "Mama alikufa kwa ajali. Dada yangu ni mzima kama chuma."

Nililisema kwa majivuno, dada. Nalikumbuka hilo kila siku.

Walinikata kipande kidogo cha nyama wakapima, ikawa ndiyo, nao ugonjwa ulikuwa umeshafika kwapani. Titi likaondolewa. Wiki mbili baadaye shemeji alinipigia kunipa pole. Mtu wa watu, nilikuwa nalia, akataka kunifariji. Akasema, "Shemeji, utapona. Hata dada yako alilia hivi hivi baada ya upasuaji, na leo mwaka wa nne."

Nikamuuliza, "Upasuaji upi?"

"Kumbe hakukwambia," akasema.

Wewe ulituambia ni uvimbe wa tumbo. Tukakuombea tumbo.

Nilipokuandikia ujumbe, ulinijibu mstari mmoja: "Ningesemaje, na mwanangu anachumbiwa, nani angemtaka?" Tangu hapo kimya.

Nimejaribu kukuelewa. Naijua hofu, nimelala nayo kitanda kimoja. Kama ungenyamaza tu, labda ningelimeza. Lakini mimi nilikuja kwako na uvimbe nilioushika, na wewe ulijua ni nini, ulikuwa umeshaushika wa kwako. Ukanituma kwa maji ya moto. Daktari ameniambia kwamba wengi wanaopata ugonjwa huu hawana ndugu aliyewahi kuupata, ila mwenye mama au dada aliyeugua hutakiwa kuchunguzwa mapema na mara kwa mara. Wanaowahi, wengi wao hupona. Wewe uliwahi. Mimi ulinichelewesha.

Sijakusamehe, na sitaki kuandika hapa kwamba nimekusamehe.

Lakini barua hii si kwa ajili yangu. Binti yako ana miaka ishirini na saba. Ulimkabidhi kwangu akiwa anaanza sekondari, na leo anaishi chumba cha pili, yeye ndiye anayenifunga bendeji. Mama yake na mama yake mdogo, wote wawili wameugua. Daktari anataka kumwona, nami nimempangia tarehe 22 Agosti, saa tatu asubuhi. Habari zangu anazijua zote. Zako hajui hata moja, na huko ataulizwa kuhusu mama yake. Nina hakika atajibu kama nilivyojibu mimi.

Nakuachia mpaka tarehe 20. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, uchumba uwepo au usiwepo. Kama kijana yule atakimbia kwa ajili hiyo, mlango ni mpana. Usinitafute mimi kwanza. Mpigie yeye.

Msalimie shemeji, mwambie asijilaumu kwa kuteleza ulimi. Wanangu wanakusalimu. Gundi hakujui, lakini naye anakusalimu, tena kwa sauti ambayo siwezi kuiandika. Mungu akulinde huko uliko, na akupe ulimi.

Binti yako amepita hapa sasa hivi na ndoo ya nguo, akauliza namwandikia nani. Nikamwambia, mama yako. Amesema nikuambie anakukumbuka sana, na kwamba yeye hana habari yoyote mpya.

Mdogo wako, anayekupenda bado, na inamuuma,
Balbu