Jogoo Asifunguliwe

Baba watoto,

Chai iko kwenye chupa. Nimempeleka kitindamimba wako hospitali, maana shavu limevimba hadi jicho halifunguki.

Jogoo nimemfungia banda dogo, peke yake. ~~Mchinje kabla sijarudi.~~ Usimchinje, hana kosa. Wewe ndiye uliyemzoesha kupigana na kiatu chako kila jioni ili wenzako wacheke. Nilipokwambia kuku hajui utani, ukaniita mwoga kama kunguru. Sasa anamrukia kila mwenye miguu.

Ukimpa maji, nenda polepole. Usimpige teke, wala usimkimbie, atajiona ameshinda. Mitetea waache nje wapumue. Ni wanne tu, na migongo yote imenyonyoka manyoya kwa kupandwa na huyo bwana.

Asubuhi mtoto alikwenda kuokota mayai, akarukiwa, akajikinga kwa ndoo. Nilikuona unatoka mbio, nikashukuru Mungu. Kumbe ulikuwa unamkimbilia jogoo. Ukamkunjua bawa, ukalitazama kama limevunjika, na mtoto amesimama pembeni yako, damu inamtiririka, anakungoja. Halafu ukaenda zako kazini.

Nilipokuwa namvalisha viatu ameniuliza, “Mama, baba atanisamehe kwa kumpiga jogoo wake?”

Tukirudi, mjibu wewe.

Mama watoto