Shangazi, Safari Hii Saidi Hakupisha Mtu

Shangazi,

Usianze kuniuliza kama nimekula. Nimekula, wali na sombe la majani ya muhogo, nikaongeza. Tangu tukuzike sijala hivi. Nakuandikia kwa sababu habari hii ilikuwa ya kwako kuisimulia sokoni, na kwa kuwa haupo, imenikaa kooni mimi: Saidi wako amepiga kura.

Amepiga kura, Shangazi, yeye na vijana wote waliokuwa kwenye mstari wetu.

Unaikumbuka mara yangu ya kwanza. Nilitoka asubuhi na kitenge chako kipya ulichoniazima, nikasimama kwenye mstari pale shuleni. Akaja mzee, nikapiga goti kidogo nikampisha. Akaja mwingine, nikampisha. Akaja mama wa makamo, nikampisha naye, maana ndivyo ulivyonilea. Wenzangu nao walikuwa wanapisha, hata badala ya kwenda mbele tukawa tunarudi nyuma. Alasiri mvua ikapiga, tukaona hatutafika mlangoni, tukaenda zetu nyumbani. Hakuna aliyetufukuza. Ulinishika mkono, ukatazama kidole kisicho na wino, ukacheka mpaka ukakaa chini. Halafu ukakasirika. "Weye mutoto, muzee akikutangulia ku chakula, atakuachia ata mufupa. Ku kura atakuachia nini?"

Ukaapa kwamba uchaguzi ujao utasimama shuleni wewe mwenyewe kutulinda. Tuliutegemea mdomo wako kuliko polisi. Kisha kiangazi kile ukaumwa, na wewe... Hapo sitaki kuandika. Mkeka wako bado nimeukunja pembeni mwa chumba, sijaweza kumpa mtu.

Siku zilipokaribia niliona kazi imeniangukia mimi. Saidi alikuwa Kasongo, anaendesha pikipiki ya watu, lakini alijiandikisha hapa Kabambare, na kura yake ya kwanza ilikuwa hapa. Ilikuwa lazima aje. Na mwanao unamjua. Ni mpole kunishinda, angempisha hata mbuzi mwenye ndevu.

Basi nikaenda kwa Mzee Ramazani. Ndiyo, huyo huyo ambaye mbuzi wake walikula mpunga wako mkanuniana mpaka Idi. Nilimwendea kwa sababu wazee wa mtaa humfuata yeye. Nikapiga magoti, nikamweleza: wenye fimbo, wajawazito na wagonjwa wapite mbele, hao hakuna anayewabishia. Lakini wazee ambao hadi leo wanalima washike mstari kama sisi, maana tukiwapisha wote mlango unafungwa sisi tuko nje. Alitafuna karanga zake polepole. "Adabu haiko utumwa, binti," akasema. Nikamjibu kwamba ni kweli, baba, lakini asiyekuwepo na lake halipo, na sisi kila mara hatupo. Akasema mdomo huu nimeurithi kwako. Hakukubali, hakukataa.

Siku yenyewe Saidi alichelewa. Barabara ya Kasongo imeliwa na mvua, unaijua. Alifika jua limepanda, matope hadi kiunoni, akaenda mwisho wa mstari hata hajanawa. Mimi nilikuwa nimeshapiga kura alfajiri, kabla wazee hawajaamka vizuri, nikakaa ng'ambo ya uwanja kutazama.

Mambo yakaanza yale yale. Walikuja wazee wawili, wazima kabisa, na vijana wakasogea kuwapa njia. Nikawaza, wewe ungekuwa umeshawatoa kwa masikio. Hapo nilikukosa kuliko siku ya mazishi.

Ndipo akaja Mzee Ramazani, kanzu imepigwa pasi. Saidi alipomwona tu akatoka kwenye nafasi yake, akainamisha kichwa. "Pita, muzee." Nikafumba macho.

Nilichosikia ni hiki, na uwanja mzima ulisikia: "Rudi fasi yako! Unataka mama yako atoke mu kaburi aje kunitukana?"

Akasimama nyuma ya Saidi. Usidhani alikaa kimya. Alilalamikia goti, akalalamikia jua, akalalamikia vijana wa leo, akaagiza kiti, akaletewa, akawa anakisogeza mbele kidogo kidogo huku akigombeza kila mzee mwenye afya aliyejaribu kupita. Wale wawili walirudi nyuma yake wakinung'unika. Waliokuja baadaye wakaona yeye kakaa pale, wakaenda mwisho wa mstari.

Saidi aliingia kabla ya mvua. Alipotoka alinionyesha meno yote. Wakaingia wengine, wasichana wa mtaani kwetu waliovaa kama wanakwenda harusini, na mlango ulipofungwa hakuna kijana wetu aliyebaki nje. Nilikaa pale pale chini nikalia, Shangazi, lakini kilikuwa kilio cha mtu aliyetua mzigo. Nilikuwa nimeubeba tangu ulipoondoka, na sikujua uzito wake mpaka uliposhuka.

Waliyempigia kura sijui ni nani, wala sikuuliza. Matokeo yana watu wake wa kuyagombania. Mimi nilitaka waingie.

Mengine yaliyobadilika ni madogo. Biashara yako ya mchele naiendesha, na wateja wanasema napima kwa ubahili kukushinda. Mzee Ramazani alipita jana kunisalimia, mbuzi wake wakamfuata, wakala sombe langu lote la nyuma ya nyumba. Nikawasamehe. Safari hii moja tu.

Pumzika sasa, Shangazi yangu. Kaburi lako nimelipalilia, na kila nikisali nakutaja kwanza. Nakuahidi jambo moja. Mungu akinipa uzee na miguu yangu ikawa bado ina nguvu, nikifika kwenye mstari wa kura na watoto wakaanza kunipisha, nitawauliza mwisho wake uko wapi.

Mauwa wako