Orodha Yako ya Maneno Marefu

Tarehe 9 Novemba. Miezi kumi na minne tangu niondoke

Mama watoto,

Orodha yako ya maneno marefu ya Kiingereza imenifikia. Asante sana. Hapa kazini, lori la matofali likiingia tunachukua herufi tatu za kibao chake cha namba, kisha kila mtu anatafuta neno refu la Kiingereza lenye herufi hizo. Anayeshindwa anaosha masufuria ya wenzake. Mwaka mzima nimeyaosha mimi.

Juzi zilikuja R, S na P. Nikasema, "Responsibility."

"We mzee wa sepetu, umekula kamusi?" fundi akauliza.

"Nimeoa mwalimu," nikamjibu.

Sikukuambia kwamba mgongo uliteguka mwezi uliopita, na msimamizi alishaamua kunirudisha nyumbani. Siku hiyo mtunza stoo alikuwa anasikiliza mchezo wetu. Akamwambia msimamizi, "Huyu anajua kusoma Kiingereza, niachie mimi." Sasa nakaa kwenye kiti, nasoma maandishi ya maboksi na kuyanakili. Mgongo unapata nafuu.

Kazi hii umeniokolea wewe, mke wangu. Mkataba unaisha Machi. Wiki ya kwanza ya Aprili nitakuwa mlangoni kwetu.

Mumeo