Kuinama Mbele ya Picha

Mdogo wangu Mal-sun,

Wengi hukosea wakidhani Bi Adele, mke wa rais, alikuja msibani kukudhihaki. Kwa mila yetu, aliye hai huinamiwa mara moja, marehemu mara mbili. Mimi, mwalimu wake wa mila, nilimfundisha salamu ya walio hai tu. Alipoinama mara moja mbele ya picha ya mwanao aliyepigwa risasi na askari, ulimpasua paji la uso kwa chetezo cha shaba.

"Kumbe mwanangu yu hai, we mzungu? Basi mwamshe!"

Huku akichuruzika damu, aliwazuia walinzi wasikuue.

Nasikia Gwang-sik, mwanao aliyebaki, ananoa kisu amfuate Bi Adele kulipiza kisasi. Safari hii walinzi hawatazuilika. Mwambie kosa ni langu. Mnyang'anye kisu hicho leo.

Kaka yako,
Byeong-ho